Namna ya Kupima Manufaa ya Picha Mpya za Saratani Kabla ya Kuandika Rufaa

Daktari wa hospitali za kusini mwa Tanzania kama Ligula, Ndanda au Nyangao anaposoma kwamba kipimo kipya kinaonyesha saratani vizuri kuliko CT skani, asianze na uzuri wa picha, bali ajiulize atafanya nini majibu yakionyesha ugonjwa na atafanya nini yasipouonyesha. Ikiwa matibabu yatabaki yaleyale, kipimo hicho hakina kazi kwa mgonjwa huyo.

Kisha atazame ushahidi umefika wapi. Mwaka 1991 Fryback na Thornbury walizipanga ngazi sita: ubora wa picha, usahihi wa utambuzi, mchango katika maamuzi ya daktari, mabadiliko ya matibabu, afya ya mgonjwa, na faida kwa jamii. Makala nyingi huishia ngazi ya pili. Utafiti wa proPSMA wa Australia, uliochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wanaume 302 wenye saratani ya tezi dume iliyo hatarini kusambaa, ulipanda zaidi kidogo: usahihi wa PSMA PET-CT (picha inayotumia dawa yenye mionzi inayonasa kwenye seli za saratani ya tezi dume) ulikuwa asilimia 92 dhidi ya 65 za vipimo vya kawaida, na mpango wa matibabu ulibadilika kwa asilimia 28 dhidi ya 15. Hata hivyo, haukuundwa kuonyesha nani aliishi muda mrefu zaidi.

Swali linalosahaulika mno ni kipimo kilijaribiwa kwa akina nani. Chukua kipimo kinachobaini wagonjwa 90 katika kila 100 na kuwaondolea shaka wazima 90 katika kila 100. Kwa watu 1,000 ambao 10 tu ndio wana saratani, kitabaini 9, lakini kitawatia hofu wazima 99. Kwa kundi ambalo nusu wanaumwa, majibu tisa kati ya kumi yanayoonyesha ugonjwa yatakuwa ya kweli. Tena, sukari yenye mionzi inayotumika katika PET skani hufyonzwa pia na uvimbe wa kifua kikuu, kwa hiyo tezi za kifuani zinazong'aa kwa mtu wa Masasi au Nachingwea hazina uzito uleule zilio nao katika nchi ambako TB ni adimu. Hapo kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara, kichukuliwe kwanza.

Umbali nao una hesabu yake. Fluorini-18, kiini cha mionzi kilichomo katika sukari hiyo ya PET, hupungua nusu kila dakika 110, hivyo baada ya mwendo wa saa nane barabarani kutoka Dar es Salaam hubaki takriban asilimia 5. Hivyo anayesafiri si dawa bali ni mgonjwa, pamoja na ndugu wa kumwangalia, pengine kwa fedha ya korosho ambayo mnada haujailipa. Kwa sababu hiyo, daktari aandike kwenye faili, kabla ya fomu ya rufaa, mistari miwili: uamuzi kipimo kikionyesha ugonjwa, na uamuzi kisipouonyesha. Mistari ikifanana, ultrasaundi na kinyama vya hapahapa vinatosha.