Chupa ya maji ina vitu vitatu: tunavyochambua yadi

Gunia la chupa na makopo likifika yadi kwetu hapa Dar, tunaponunua taka za kurejelezwa, halipandi mzani moja kwa moja. Limwage kwanza kwenye turubai, maana wapo wauzaji wanaojaza mchanga ndani ya chupa ili kilo ziongezeke. Ukikuta chupa yenye maji ya njano imefungwa vizuri, usiifungue kuinusa. Madereva wa foleni wanajua walichofanya.

Bati ni rahisi. Pitisha sumaku: kopo la nyanya linanata, la soda au bia halinati, hilo ni alumini na lina gunia lake kwa sababu ya bei. Boksi lililolowa lianikwe kwanza. Paketi za maziwa na juisi mimi naziweka kando. Karatasi, plastiki na alumini vimegandana humo, na sisi hatuna mashine ya kuviachanisha.

Kazi yenyewe iko kwenye chupa ya maji. Chupa ni plastiki inayoitwa pet, namba 1 kwenye pembetatu iliyopigwa kwenye chupa. Kifuniko, pamoja na ile pete inayobaki shingoni, ni plastiki nyingine, na lebo nayo mara nyingi ni nyingine tena. Fungua kifuniko, chana lebo, kisha ikate pete kwa kisu kifupi, makali yakielekea mbali na gumba. Kovu ninalo. Ukitia shaka, tupa vipande kwenye ndoo ya maji: cha kifuniko kitaelea, cha pet kitazama.

Tatizo ni kwamba PVC, plastiki nyingine ya namba 3, nayo inazama, na kwa macho inafanana na pet kabisa. Ikiingia kwenye tanuri la pet inaungua, inatoa tindikali na kuacha madoa meusi. Mzigo mzima unaweza kukataliwa kiwandani. Namba ikifutika, geuza kitako. Pet ina kidoti katikati, kama kitovu. PVC ina mstari. Nilipoanza nilikuwa naangalia lebo tu, nikarudishiwa magunia mawili niyachambue upya, peke yangu, siku ya Jumamosi.

Mwisho gawa kwa rangi: zinazoangaza, yaani zisizo na rangi, peke yake, bluu peke yake, kijani peke yake. Zinazoangaza ndizo zenye bei, kwa hiyo kijani moja usiiache ipite. Kisha zikanyage kabla ya kufunga gunia. Iliyobaki na kifuniko utaijua hapo hapo, haibonyei.