Limiti ya Dola 4 na 8: Angalia Kiti Kabla ya Karata

Meza ninayoizungumzia ni ya Texas Hold'em (poka ambayo kila mtu hupewa karata mbili zake, na tano za wote hufunuliwa mezani) ya limiti, yaani kiasi cha dau kimepangwa, dola 4 na 8, viti kumi, hapa Shakopee, Minnesota, ninakokwenda Jumamosi usiku nikitoka kazini. Naitaja mapema kwa sababu mafunzo mengi ya poka siku hizi ni ya ule mchezo usio na kikomo, wa kusukuma chipu zote katikati. Kwetu hakuna kusukuma. Raundi mbili za kwanza dau ni dola 4, mbili za mwisho ni dola 8, basi. Kwa dola 4 humtishi mtu. Mwenye karata mbovu atakufuata tu mpaka mwisho, kwa hiyo uchaguzi ufanye mapema, kabla ya flopu, zile karata tatu za kwanza za wote.

Ukishakaa, tafuta batani, kile kidude kinachoonyesha kiti cha mgawaji, iko kwa nani. Wawili walio kushoto kwake wanatoa blaindi, yaani dau la lazima kabla ya kuona karata, dola 2 na dola 4, na anayewafuata ndiye wa kwanza kuamua. Hicho ndicho kiti kigumu kuliko vyote. Nyuma yako kuna watu tisa ambao hawajasema neno.

Chukua ree (A) ya kopa na ghulamu (J) wa pau. Ukizifunua unatabasamu. Zinazozizidi ni jozi za ree, wafalme, malkia na ghulamu, pamoja na ree-mfalme na ree-malkia. Ukipiga hesabu, hiyo ni michanganyiko 42 kati ya 1,225 iliyobaki. Mtu mmoja kuwa nayo ni nadra, haifiki mara 4 katika 100. Lakini kwa watu tisa, kama mara 27 katika 100 kuna angalau mmoja aliyeishika. Ukiwa kwenye batani na wote wametupa, wamebaki wawili tu wa blaindi, na hatari imeshuka hadi kama mara 7 katika 100. Juu ya hapo, aliye kwenye batani atasema wa mwisho kila raundi inayofuata, zikiwemo mbili za dola 8 ambako hela hasa ndiko inakokwenda.

Kwa hiyo viti vitatu vya mwanzo mimi naingia na jozi kuanzia ya tisa kwenda juu, ree-mfalme, ree-malkia, na mikono miwili tu ya jamii moja, yaani karata zote mbili ni kopa, au zote pau: ree-ghulamu na mfalme-malkia. Nikiingia napandisha dau. Kufuata kwa dola 4 ukiwa wa kwanza ni kuwafungulia mlango watu watano waje kuona flopu kwa bei ya chee. Ree-ghulamu za jamii tofauti natupa.

Viti vya kati naongeza jozi ya nane na ya saba, ree-ghulamu yoyote, mfalme-malkia yoyote, na ree-kumi au malkia-ghulamu za jamii moja. Hiyo ni kama hajaingia mtu, au wamefuata tu. Aliyekaa mwanzo akishapandisha, orodha inakatwa: ree-ghulamu na mfalme-malkia za jamii tofauti zinarudi kwa mgawaji. Zinazobaki na nguvu, jozi ya kumi kwenda juu na ree-mfalme, mpandishie tena ubaki naye peke yake.

Sasa jozi ndogo, maana hapa ndipo ubishi ulipo. Dogo mmoja wa Arusha tunayekwenda naye aliniuliza ndani ya gari, "Braza, jozi ya nne nayo unatupa?" Nikamwambia, "Dogo, nihesabie kwanza waliokwisha ingia." Jozi ya nne hupata nne ya tatu kwenye flopu kama mara moja katika nane na nusu. Kwenye mchezo usio na kikomo, hiyo mara moja unaweza kukomba chipu zote za mtu. Huku atakulipa dola 4, kisha 8, kisha 8. Lazima wawepo wa kukulipa. Wakiwa wanne au watano wamefuata mbele yako na hakuna aliyepandisha, ingia. Ukiwa wa kwanza, tupa. Hali ni hiyo hiyo kwa nane-saba za jamii moja, au ree na karata ndogo za kopa kwa kopa: zinataka watu wengi na bei ndogo, na viti vya mwisho tu ndivyo vinavyokuonyesha kama vyote viwili vipo. Karata kubwa za jamii tofauti zinataka kinyume chake, watu wachache.

Kuna mzee mmoja wa pale, kofia ya besiboli imeshushwa hadi nyusi, hafunui karata zake mpaka zamu imfikie. Anatazama mikono ya walio kushoto kwake. Wengi wakishaona karata mbovu hawajui kuficha: vidole viwili vimeshabana karata ukingoni, tayari kuzitupa. Akiona wawili watatu wako hivyo, kiti chake cha kati kimegeuka batani, na anapandisha kwa karata ambazo angezitupa. Muige.

Kwenye batani au kiti kilicho kabla yake, wote wakiwa wametupa, pandisha kwa jozi yoyote, ree yoyote, na mfalme mwenye mwenzake wa kuanzia tisa.

Blaindi ndogo inawadanganya watu kwa kuwa nusu imeshalipwa. Dola 2 zaidi, lakini utasema wa kwanza raundi zote tatu zilizobaki. Kama wamefuata wengi, lipia jozi na za jamii moja zilizokaribiana, tisa-tatu iache. Blaindi kubwa ni tofauti. Batani akipandisha na blaindi ndogo akitupa, mezani kuna dola 14 na wewe unadaiwa 4, kwa hiyo tetea kwa karata nyingi kuliko unavyodhani. Na kama hakuna aliyepandisha, usitupe hata saba-mbili. Nimewaona wanaozirusha kwa hasira wakati flopu wanaonyeshwa bure.