Kujenga Nyumba ya Fremu ya Chuma Chepesi Malindi: Mwongozo kwa Mwenye Kiwanja

Nyumba nyingi za Malindi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa machimboni, yakaunganishwa kwa saruji au chokaa na kuezekwa kwa mabati, vigae au makuti. Kila mwashi wa hapa anaijua njia hiyo, na hakuna sababu ya kuidharau. Hata hivyo wapo wanaotaka kujenga kwa fremu ya chuma chepesi, kwa kuwa haiguswi na mchwa, haipindi wala kupasuka kama mbao mbichi, na ikishapimwa na kukatwa kiwandani husimamishwa kwa muda mfupi sana. Maelezo mengi kuhusu ujenzi huu yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi au miji ya bara, ambako upepo hauji na chumvi. Mwongozo huu unaitazama kazi yenyewe kutoka pwani, na msimamo wake ni huu: kusimamisha fremu ndiyo sehemu rahisi, ilhali uhai wa nyumba unategemea usahihi wa slabu, yaani sakafu ya zege iliyo chini yake, na uangalifu wa kuzuia chumvi na unyevu visiifikie fremu hiyo.

Chuma kinachozungumziwa

Si vyuma vizito vya maghala na madaraja. Ni bati lililopakwa zinki, lenye unene wa kati ya milimita 0.75 na 1.2 hivi, linalopitishwa kwenye mashine ya rola likiwa baridi na kutoka likiwa na umbo la herufi C kwa nguzo za ukuta, au U kwa reli za chini na za juu. Uimara wake unatokana na mikunjo hiyo pamoja na ubora wa chuma, ambacho kwa kawaida huwa na nguvu ya megapaskali 550. Nguzo yenye upana wa milimita 89 na unene wa milimita 0.75 ina uzito wa kilo moja na kidogo kwa kila mita, hivyo fremu ya ukuta wa mita tatu, yenye kimo cha mita 2.7 na nguzo kila baada ya milimita 600, ina takriban kilo 30. Watu wawili huibeba bila winchi. Wepesi huu una maana kubwa zaidi kwa anayejenga kwenye visiwa vya Lamu, ambako vifaa huvushwa kwa chombo kisha hupakiwa juu ya punda, ingawa ndani ya Mji Mkongwe wa Lamu, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, nyumba za mawe zinastahili kukarabatiwa kwa mawe, chokaa na boriti, na fremu hii isipelekwe huko.

Michoro na vibali

Mchoro wa msanifu peke yake hautoshi. Unahitaji mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, ambaye atakokotoa mzigo wa paa, msukumo wa upepo na aina ya bolti zitakazoshika kuta. Michoro huidhinishwa na Serikali ya Kaunti ya Kilifi, na mradi husajiliwa kwenye Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi kabla ya kazi kuanza. Usikubali kuambiwa kwamba nyumba ya chuma chepesi ni ya muda na kwa hiyo haihitaji taratibu hizo.

Jambo linalowashangaza waliozoea kujenga kwa mawe ni kwamba maamuzi yote hufanywa mapema. Kwenye nyumba ya mawe, fundi anaweza kuongeza dirisha akiwa amefika nusu ya ukuta. Hapa kila nguzo hukatwa na mashine kwa kufuata mchoro wa kompyuta, pamoja na matundu ya kupitisha nyaya na mabomba, na kusogeza mlango baada ya hapo ni kuagiza fremu upya. Kaa na mhandisi na mwenye kiwanda, uamue kabati za jikoni zitatundikwa wapi, kiyoyozi kitakaa ukuta upi, televisheni itafungwa wapi, kisha uagize vipande vya chuma au mbao vya kuimarishia mahali hapo, kwa sababu bodi ya jipsamu inayofunika ukuta kwa ndani haiwezi kubeba kabati lililojaa sahani. Tangi la maji nalo liwe na mnara wake kando ya nyumba, kwani tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na kenchi za chuma chepesi, yaani fremu zinazobeba paa, hazikutengenezwa kwa mzigo huo isipokuwa mhandisi awe ameupangia tangu mwanzo.

Chumvi

Zinki hukilinda chuma kwa kuliwa badala yake. Kiasi chake huandikwa kwenye karatasi ya kiwanda: Z275 maana yake ni gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba ukihesabu pande zote mbili, yaani takriban maikromita 20 kila upande, AZ150 ni gramu 150 za mchanganyiko wa alumini na zinki. Omba karatasi hiyo, uisome, na ulinganishe na alama iliyochapishwa kwenye bati lenyewe. Usishuke chini ya viwango hivyo, na ikiwa kiwanja chako kinatazama bahari moja kwa moja, muulize mhandisi kama mpako mzito zaidi unahitajika. Viwango vya kimataifa hugawa hewa kwa madaraja kulingana na jinsi inavyokula metali, na ufuo unaopigwa na mawimbi huwekwa kwenye madaraja makali kabisa, ilhali kiwanja kilicho kilomita kadhaa ndani huwa na nafuu kubwa.

Watu wengi hudhani kwamba sehemu iliyo wazi kwa mvua ndiyo itakayoharibika kwanza. Mara nyingi huwa kinyume chake. Chumvi inayoletwa na kusi hutua kila mahali, lakini paa lililo wazi huoshwa na masika, wakati sehemu ya chini ya upenu, nguzo za baraza na pembe zilizojificha hazioshwi na chochote, na chumvi hubaki hapo ikivuta unyevu usiku na mchana. Kwa hiyo fremu yote ya kuta ifungwe ndani ya nyumba, isiachwe ikionekana barazani kama pambo. Nguzo za nje ziwe za mbao ngumu, za zege au za chuma kizito kilichochovywa kwenye zinki ya moto. Na vyuma vyovyote vilivyo chini ya upenu vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa kwa mwaka, hasa miezi ya kusi.

Kuna mambo madogo yanayoharibu mpako huo hata kabla nyumba haijakamilika. Fremu zikiletwa zimefungwa pamoja na kunyeshewa, maji hunasa kati ya bati na bati, na baada ya siku chache utaona unga mweupe ukipakaa vidole unapozigusa. Hiyo ni zinki inayoisha. Zihifadhi juu ya mbao, zikiwa zimeinama kidogo, chini ya turubai lisilozigusa ili hewa ipite. Kata kwa mkasi wa bati au msumeno wa meno unaokata bila kuunguza, si kwa grinda, kwa sababu cheche za grinda huunguza zinki na kuacha chembe za chuma zinazoshika kutu kesho yake. Usichomelee, unganisha kwa skrubu. Skrubu za nje ziwe zenye mpako wa pwani, maana skrubu ya kawaida itakufa kabla ya nguzo inayoishikilia. Bomba la shaba lisigusane na fremu, wala mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, kwani metali hizo mbili zikikutana na unyevu, zinki ndiyo inayoliwa.

Slabu

Kwa kuwa nyumba ni nyepesi, msingi wake hauhitaji kuwa mkubwa kama wa nyumba ya mawe, lakini unahitaji kuwa sahihi kuliko huo. Mwashi wa mawe hurekebisha kosa la slabu kwa kuongeza chokaa chini ya jiwe la kwanza. Fremu ya chuma haina mahali pa kurekebishia: slabu ikipinda, ukuta hupinda, kenchi hazikai, na bodi hazikutani.

Udongo wa Malindi una mchanga mwingi, hivyo shindilia vizuri na uweke mawe ya kujazia kabla ya kutandika karatasi nzito ya nailoni inayozuia unyevu. Slabu ya milimita 100 yenye wavu wa chuma, iliyoongezwa unene kwenye kingo na chini ya kuta zinazobeba paa, huwatosha wengi, ila kauli ya mwisho ni ya mhandisi. Mchanga wa ufukweni usitumiwe kamwe, hata ukiambiwa umeoshwa na mvua, na maji ya kisima chenye magadi yasichanganyiwe zege, kwa sababu chumvi itakayofungiwa humo itaula wavu kutoka ndani na kuifikia reli ya chini. Uso wa slabu uwe juu ya ardhi kwa milimita 150 angalau.

Kabla zege halijamwagwa, kagua mraba kwa uzi: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande mwingine, na mshazari wa mita 5 kamili. Kisha pima nyumba nzima kutoka pembe hadi pembe. Mishazari miwili ikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, rudia. Baada ya zege kukauka, weka rula ndefu ya mita 3 na uangalie mwanga unaopita chini yake. Pengo lisizidi milimita 3 hadi 5. Palipoinuka pasagwe na palipobonyea pajazwe kabla ya fremu kuwasili. Kazi hii ya siku moja huokoa wiki nzima ya mabishano kati ya mwashi na mafundi wa fremu.

Kusimamisha na kufunga

Ukiweza, mwaga slabu mwezi wa Januari, kaskazi ikiwa imeshatulia na mvua za vuli zimepita, ili paa liwe juu kabla ya masika ya Aprili. Tandika ukanda wa kingamaji kwenye mistari ya kuta, ili reli ya chini isiguse zege moja kwa moja. Anza na pembe moja, simamisha kuta mbili zinazokutana, zikaze kwa mihimili ya muda, pima kwa timazi na pimamaji, ndipo uendelee.

Wepesi uliokusaidia kubeba fremu ndio hatari yake kwenye upepo. Ukuta wa mawe hukaa kwa uzito wake, lakini nyumba hii inaweza kuinuliwa, na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotua pwani ya Tanzania, ukanda huu wote ulikumbushwa kwamba upepo mkali si jambo la mbali. Bolti za milimita 12 huwekwa kwa kawaida kila baada ya mita 1.2 au pungufu, na daima karibu na pembe na pande zote mbili za milango, zikiwa mbali na ukingo wa slabu ili zege lisipasuke. Kamba za bati za mshazari au bodi imara huzuia kuta zisilale upande. Mnyororo usikatike popote: bati la paa lishikwe na pau zinazolala juu ya kenchi, pau zishikwe na kenchi, kenchi na ukuta, ukuta na slabu. Anayetaka makuti amweleze mhandisi mapema, kwani makuti yaliyolowa ni mazito, na moto wake hauna simile.

Vifuniko na joto

Nje hutumika bodi za saruji yenye nyuzi, au wavu wa chuma uliopigwa plasta, ambao huipa nyumba sura ya Kimwambao. Nyuma yake kuwe na karatasi ya kuzuia maji, na kifuniko kishuke kidogo chini ya usawa wa slabu ili maji yadondoke nje yasiingie kwenye reli. Ndani ni bodi za jipsamu, isipokuwa bafuni na jikoni, ambako hutakiwa bodi zinazostahimili maji.

Ukuta wa mawe huchelewesha joto la mchana; ukuta huu haucheleweshi, kwa hiyo jaza ndani ya kuta sufu ya kioo au ya mwamba, yaani nyuzi za kuzuia joto, yenye unene wa milimita 75 au zaidi, weka karatasi ya kurudisha joto chini ya mabati, chagua paa la rangi nyeupe au hafifu, na upange madirisha yatazamane ili kusi na kaskazi zipite ndani. Faida yake huonekana usiku, kwa kuwa nyumba hupoa mapema. Mwenye kiyoyozi azingatie jambo moja ambalo miongozo ya nchi za baridi hulieleza kinyume na hali yetu: karatasi ya kuzuia mvuke iwe upande wa nje wa sufu, kwa sababu hapa hewa yenye unyevu huingia kutoka nje, na ikifika kwenye fremu iliyopozwa hugeuka maji.

Nyaya zipitishwe kwenye matundu yenye pete za plastiki ili makali ya chuma yasizikate, na fremu nzima iunganishwe na waya wa ardhini na fundi umeme mwenye leseni.

Acha vifuniko vidogo vinavyofunguka chini ya kuta mbili au tatu, hasa upande wa bafu na upande unaopokea kusi. Baada ya masika ya kwanza vifungue, umulike reli ya chini kwa tochi. Ukiona unga mweupe, tafuta maji yanapoingilia na uyazibe, ukaushe mahali hapo na upake rangi yenye zinki nyingi. Ukiona wekundu kwenye vichwa vya skrubu, zing'oe na uweke zenye mpako mzito, kisha ukague tena kusi itakapomalizika.