Somo: Laini na simu janja ya kwanza kwa watu wa Kigoma, hatua kwa hatua

Kila wiki watu wanafika kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwanga wakiwa wameshanunua simu, ndipo wananiuliza maswali ambayo yalipaswa kuulizwa kabla fedha haijatoka mfukoni: kwa nini intaneti haishiki nikiwa nyumbani Kalinzi, kwa nini simu inasema imejaa wakati ina wiki mbili tu, kwa nini dukani wamekataa kunirudishia namba yangu. Nimeyajibu kwa mdomo, kwa ujumbe na kwa kupigiwa usiku, hata nimechoka. Leo ninayaandika yote mahali pamoja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Wengi huanza na simu, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwenye kioo cha duka, kisha laini huokotwa njiani kwa kijana wa mwamvuli. Ninaomba mgeuze mpangilio huo. Mtandao kwanza, laini pili, simu baadaye.

Hatua ya kwanza: ujue mtandao unaoshika mahali unapolala. Tunayo Vodacom, Airtel, Yas ambayo zamani iliitwa Tigo, Halotel na TTCL, na katika mkoa wenye milima kama wetu hakuna hata mmoja unaoshika sawasawa kila mahali. Mlima huzuia mawimbi ya simu, lakini maji hayazuii. Ndiyo maana kijiji cha mwambao kinaweza kukosa mnara ulio nyuma ya kilima cha jirani na kikaupata ulio mbali zaidi kwa upande wa ziwa. Usimwulize muuzaji aliye sokoni Mwanga, kwa kuwa yeye halali kwako. Waulize majirani watatu wanatumia nini, kisha azima simu ya mmoja wao, ingia nayo ndani ya chumba chako saa mbili usiku wakati watu wote wamerudi nyumbani na wameshika simu, na ufungue video fupi. Ikicheza bila kukwama, huo ndio mtandao wako, hata kama matangazo yake si mazuri.

Hatua ya pili: uwe na namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ile yenye tarakimu 20. Kama huna, anzia huko.

Hatua ya tatu: sajili laini kwa jina lako na kwa kidole chako mwenyewe. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza nchini Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa Januari 2020. Wakati huo namba yangu ya NIDA ilikuwa bado haijatoka, nami nilikuwa na haraka, hivyo nilinunua laini ambayo kijana mmoja aliniambia kuwa “imeshasajiliwa, wewe tumia tu”. Nikaitumia kweli, tena kwa miaka miwili. Wateja wakaijua, ndugu wakaijua, na fedha za kazi zikawa zinaingia humo. Siku moja nikishuka kwenye boti pale Kibirizi, simu ilichomoka mfuko wa shati, ikagonga ubao wa pembeni na kutumbukia majini mbele ya macho yangu. Simu haikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kufika dukani kuomba laini irudishwe, nikaweka kidole, na mhudumu akanigeuzia kioo nisome jina lililosajiliwa: lilikuwa la mwanamke nisiyemfahamu. Ndani mlikuwa na shilingi 214,000. Mhudumu hakuwa na kosa lolote, kwa sababu kisheria laini ile haikuwa yangu, na yule kijana aliyeniuzia nilikuwa nimekwisha kupoteana naye. Fedha sikuipata, na namba ambayo wateja wangu wote walikuwa nayo ilipotea pia.

Kwa hiyo usinunue laini iliyosajiliwa tayari, hata kwa zawadi, hata kutoka kwa binamu. Vilevile usikubali kusajili laini ya mtu mwingine kwa kidole chako, kwa sababu akiitumia kutapeli watu, jina litakalosomwa ni lako.

Tahadhari nyingine ni ile ya kidole kurudiwa. Unaweka kidole, wakala anafuta kile kioo kidogo kwa pindo la shati lake, anasema “haijasoma, rudia”, unarudia, anasema tena. Mara nyingi ni kweli haijasoma. Lakini wapo wachache ambao kwa kila kidole unachorudia wanasajili laini nyingine kwa jina lako na kuiuza. Kabla hujaondoka kwenye meza yake, piga *106# kwenye laini yako mpya na uangalie namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao unaohusika siku hiyohiyo, uikane na ifungwe. Mimi hupiga *106# kila mwanzo wa mwezi.

Hatua ya nne: chagua simu. Tecno, Itel na Infinix zimejaa hapa kwetu, na zote tatu ni za kampuni moja ya China iitwayo Transsion. Samsung na Redmi zipo pia. Jina lisikusumbue kuliko mambo haya. Simu iwe ya 4G, kwa sababu ya 3G peke yake itakuchosha. RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu huitumia ikiwa kazini, iwe GB 4, na hifadhi ya ndani isipungue GB 64, kwa kuwa mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa kabla hujaweka hata picha moja. Dukani wakikuonyesha maandishi ya “RAM 8” na chini yake “4+4”, ujue RAM halisi ni 4. Ile nyingine imeazimwa kutoka kwenye hifadhi na ina kasi ndogo. Usiuziwe simu yenye Android ya zamani sana kwa sababu ya bei: tangu mwanzo wa 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Kuhusu betri, 5,000 mAh inatosha. Kamera ni hiari yako.

Hatua ya tano: kagua kabla ya kulipa. Piga *#06# ili uone IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili itakuwa nazo mbili. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi, kisha itume mojawapo kwa ujumbe kwenda 15090, nawe utajibiwa ni simu ya aina gani. Ukijibiwa jina tofauti na ulilonalo mkononi, irudishe na uage kwa adabu. Wenye kumbukumbu watakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima. Dai risiti yenye IMEI.

Hatua ya sita: kifurushi. Usianze na cha mwezi. Nunua cha wiki, tumia kama kawaida yako, halafu ingia kwenye mipangilio ya simu uone ni MB ngapi zimetumika na ni programu gani iliyozila. Soma dakika zako ni za mtandao huo tu au za mitandao yote, na kama kinakwisha saa sita usiku au baada ya saa 24 kamili.

Hatua ya saba: kwenye WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, na kwenye Play Store weka masasisho yasubiri Wi-Fi.

Maswali yakaribie.

Haraka Haraka: Simu gani nzuri kwa sasa?

Mleta somo: Hatua ya nne. Ukisha kuisoma, niambie bajeti yako na unakoishi, nami nitakujibu.

Binti wa Uvinza: Shikamoo fundi. Mama yangu amefanya kazi ya chumvi miaka mingi na alama za vidole zimefutika. Wakala wawili wameshindwa kumsajili, na wa tatu ametaka tutumie kidole changu. Je, nikubali?

Mleta somo: Marahaba mwanangu. Usikubali, maana laini itakuwa yako wala si ya mama, na siku usipokuwepo hataweza kufanya lolote. Vidole vya watu wa chumvi, dagaa na jembe huwa hivyo. Aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, aifute ikauke kabisa, kisha apake mafuta kidogo sana na kuyafuta, ili ngozi ilainike. Asianze na kidole gumba wala cha shahada kwa kuwa ndivyo vinavyosuguliwa zaidi. Ajaribu cha pete na cha mwisho, hasa vya mkono anaoutumia kidogo. Nendeni duka la mtandao wenyewe badala ya wakala wa barabarani, kwa kuwa mara nyingi wana mashine bora na uvumilivu zaidi. Nijulishe mtakavyofanikiwa.

Mjasiriamali Gungu: Mimi natumia laini ya shemeji mwaka wa nne na haijawahi kuniletea tatizo. Mnatisha watu bure.

Mleta somo: Yangu nayo haikuniletea tatizo kwa miaka miwili. Sijamtisha mtu, nimeeleza kilichonipata na kiasi nilichopoteza. Uamuzi ni wako na wa shemeji.

Mwanafunzi wa Kasulu: Samahani kaka, kuna jambo linanitatiza. Jioni simu yangu inaonyesha vile vijiti vinne vyote vya mtandao, lakini ukurasa haufunguki. Je, vijiti vinadanganya?

Mleta somo: Havidanganyi, ila vinajibu swali jingine. Vijiti hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na mnara. Havipimi watu wangapi wanaugawana mnara huo. Chukua mfano wa bomba la maji la mtaa: liko mlangoni kwako kabisa, lakini saa kumi na mbili jioni lina ndoo arobaini. Tazama pia herufi iliyo kando ya vijiti. Ikiwa 4G, uko sawa; ikiwa H au 3G, umeshushwa; ikiwa E, uko kwenye teknolojia ya 2G, ambayo kwa kurasa za leo haitoshi, hata vijiti vikijaa. Jaribu saa kumi na moja alfajiri ukiwa mahali palepale. Ikifunguka upesi, tatizo ni msongamano. Isipofunguka, kagua kama laini yako ni ya 4G, kwa sababu laini za zamani zinahitaji kubadilishwa dukani, na namba inabaki ileile.

Mwanafunzi wa Kasulu: Nimeelewa, asante. Na nikitaka kuhamia mtandao mwingine, lazima niache namba yangu?

Mleta somo: Si lazima. Tangu Machi 2017 unaruhusiwa kuhama na namba yako. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaouhamia ukiwa na kitambulisho, na unatuma neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya hapo toa fedha zote zilizomo kwenye laini, maliza kifurushi na ulipe deni la salio la kukopa, maana ukiwa na deni utakwama.

Msafiri wa Kagunga: Sisi huku mpakani simu inarukia mtandao wa Burundi yenyewe, na salio linakwisha bila kupiga.

Mleta somo: Mawimbi hayajui mpaka. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, zima data ya ughaibuni, ile inayoandikwa “roaming”, kisha ondoa uchaguzi wa mtandao unaojiendesha na uchague mtandao wako kwa mkono. Ukisafiri kwenda mbali na mtandao ukapotea kabisa, kumbuka kurudisha uchaguzi wa kujiendesha. Ushauri huu unawafaa na watu wa Manyovu.

Mama Dagaa Katonga: Kaka, nimeona simu za mkopo, unatoa kianzio halafu unalipa kidogo kidogo kila siku. Zinafaa kwa mfanyabiashara mdogo?

Mleta somo: Dada, piga hesabu ya mwisho kabla ya ile ya leo. Tuseme kianzio ni 60,000 na kila siku 1,500 kwa siku 365: hiyo ni 547,500, jumla 607,500. Sasa uliza bei ya simu hiyohiyo kwa fedha taslimu. Kama ni 330,000, basi unalipa 277,500 kwa ajili ya muda. Kwa mwenye mauzo ya kila siku inaweza kumfaa, lakini wewe wa dagaa unajua kipindi cha mbalamwezi wavuvi hawatoki, na ukikosa malipo simu hujifunga. Uliza pia kama kuna punguzo ukimaliza mapema. Na kwa wanaonunua simu za mkononi mwa mtu: hakikisheni si ya mkopo ambao haujaisha, na mwenye simu aondoe akaunti yake ya Google mbele yenu. Ninazo tatu hapa mezani zinazodai nywila ya mtu aliyekwisha kuhama mji.

Haraka Haraka: Simu ikianguka majini niiweke kwenye mchele?

Mleta somo: Hapana. Izime, usiichaji, toa laini, ifute, uiache penye hewa, na uilete kwa fundi mapema. Bajeti yako bado hujaniambia.

Binti wa Uvinza: Fundi, tumetoka dukani sasa hivi. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto kimesoma mara ya pili. Tumepiga *106#, imeonyesha laini moja tu, jina la mama.

Mleta somo: Hongereni sana, nimefurahi kutoka moyoni. Mwandikie IMEI kwenye daftari la nyumbani, na namba ya siri ya fedha aichague mwenyewe, wewe ukiwa umetazama pembeni.