Umeshafyeka pori, sasa lile lundo unalipeleka wapi?

Masika ikishaisha hali ni ileile, eneo uliloliacha miezi mitatu unalikuta pori, majani yamefika kiunoni, unatafuta vijana wenye fyekeo na mapanga mnashinda mnasafisha, jioni linabaki lundo kubwa na kila mtu anauliza kiberiti kiko wapi. Subiri kwanza wakuu. Ukichoma, naitrojeni, kile kirutubisho kinachokuza majani, karibu yote inaondoka na moshi, majivu yanabaki na potasiamu na chokaa kidogo basi, halafu ni kiangazi, upepo ukigeuka moto unaingia kwa jirani na hapo kesi ni yako. Na wale wanaosukumia mtaroni usiku, vuli ikija maji yanarudi kwenye nyumba zao wenyewe, hao sina cha kuwaambia.

Kitu cha kufanya siku hiyohiyo ni kuchambua, maana lundo likishachanganyika hakuna atakayerudi kulichambua. Majani laini ambayo hayajatoa mbegu weka peke yake, matawi na vigogo peke yake, halafu yale magugu sugu yenye mizizi na mbegu uyatenge mbali kabisa.

Hayo majani laini ndiyo mali. Kama eneo lako lina alizeti pori, ile ya maua ya njano inayoota kando ya barabara Lushoto na Kilimanjaro huko, umebahatika, majani yake yakikaushwa yana naitrojeni kama asilimia 3.5, unaweza kuyakatakata ukayafukia bustanini wiki moja mbili kabla ya kupanda. Mengine tengeneza mboji. Upana mita 1.5, kimo mita 1 hadi 1.5, ukifanya kadogo hakapati joto na ndio maana watu wengi wanasema mboji imewashinda. Chini weka vijiti hewa ipite, kisha tabaka la makavu, tabaka la mabichi, samadi, udongo kiasi, unamwagia maji, unarudia hivyo mpaka juu, unafunika na majani ya mgomba. Sehemu kavu kama Dodoma chimba shimo unyevu usipotee, sehemu za mvua nyingi weka juu ya ardhi.

Chomeka mti mrefu katikati. Baada ya siku kadhaa uchomoe uushike, ukiwa wa moto basi kazi inaendelea, joto la nyuzi 55 hadi 65 linaua mbegu nyingi za magugu, ila ni katikati tu, pembeni hakufiki, kwa hiyo kila wiki mbili tatu geuza ya nje yaingie ndani. Ukiwa wa baridi na mkavu ongeza maji na samadi. Likinuka uozo maji yamezidi, geuza uchanganye na makavu. Kwenye joto la pwani miezi mitatu hivi inatosha, ikiwa nyeusi na inanukia udongo tumia.

Sasa magugu sugu. Ndago na sangari usithubutu kuweka kwenye mboji yakiwa mabichi, vile viazi vya ndago na mizizi ya sangari vikipona umevisambaza shamba zima kwa mikono yako. Anika juu ya bati mpaka vikatike vyenyewe ukivikunja, au tumbukiza kwenye pipa la maji lenye mfuniko mpaka vioze kabisa (litanuka, weka mbali na dirisha). Gugu karoti, ambalo Arusha limeshakuwa tatizo, ling'oe kabla ya maua na uvae glavu kwa sababu linawasha ngozi na kubana kifua, na likishatoa mbegu hapo ndipo kiberiti kinaruhusiwa, lichome palepale ulipolitoa, usilipakie kwenye toroli ukapita nalo njia nzima likipukutisha.

Matawi manene ni kuni, membamba yaliyonyooka kidogo ni mambo, yaani vijiti vya kuegemezea nyanya. Mnyaa ukate kwa uangalifu, utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari. Lantana, kile kichaka chenye vimaua vya rangi rangi, usiwatupie ng'ombe wala mbuzi, inaharibu ini. Migomba yenye ugonjwa wa mnyauko, hasa kwa watu wa Kagera, isitoke shambani hata jani moja, katakata uirundike hapohapo mbali na migomba mizima mpaka ioze.

Nyasi kavu zinazobaki tandaza kwenye kahawa au migomba, unene sentimita 10 hivi, uache nafasi kwenye shina, na usirundike ukutani kwako mchwa wakapata ngazi. Kama eneo lilipuliziwa dawa ya magugu ya majani mapana, soma lebo, ukikuta pikloramu (picloram) au aminopiralidi (aminopyralid) basi hizo nyasi wala mboji yake zisiguse nyanya na maharage, zitajikunja majani zote, bora uziache zioze palepale kwenye nyasi zenyewe.