Namna ya Kurekodi Albamu Nzima kwa Siku Tatu: Somo la Tigermilk

Mwaka 1996, jijini Glasgow, Scotland, bendi ya Belle and Sebastian, ambayo wakati huo ilikuwa na umri wa miezi michache tu, iliingia katika studio ya CaVa na kwa siku tatu ikarekodi nyimbo 10 za albamu yake ya kwanza, Tigermilk. Gharama hazikutoka kwenye kampuni kubwa ya muziki bali Chuo cha Stow, kupitia Electric Honey, lebo iliyoendeshwa na kozi ya biashara ya muziki ya chuo hicho, na zikachapwa santuri 1,000 peke yake. Novemba ya mwaka huohuo bendi ilitoa albamu ya pili kupitia kampuni ya Jeepster, masikio ya watu yakaelekea huko, na ile ya kwanza ikabaki kusikika kwa kanda zilizonakiliwa na kupitishwa mkono kwa mkono, hadi Jeepster ilipoitoa upya mwaka 1999. Mpaka leo wasikilizaji wengi wa bendi hii huanza na albamu ya pili, na wengine huishia hapo. Jambo hilo linanisikitisha, kwa sababu kwa bendi changa isiyo na fedha sijasikia albamu inayofundisha kazi ya studio vizuri kuliko hii. Maelekezo yanayofuata ni kwa bendi ya aina hiyo: watu watano hadi saba, mwimbaji mwenye sauti ya upole, vyombo ambavyo vingi si vya umeme, na fedha za kulipia siku tatu.

Anza kwa kukubali kwamba siku tatu hizo zilitanguliwa na miaka. Stuart Murdoch, mwimbaji na mtunzi, aliugua kwa miaka kadhaa ugonjwa wa uchovu sugu uliomtoa katika masomo na kazi, na utunzi wake ulizaliwa katika kipindi hicho. Alipokutana na Stuart David, aliyekuwa mpiga besi wa kwanza wa bendi, katika mafunzo ya Beatbox yaliyoandaliwa na serikali kwa wanamuziki wasio na ajira, tayari alikuwa na akiba kubwa ya nyimbo. Richard Colburn, mpiga drams, alikuwa mwanafunzi wa kozi ileile ya Stow. Lebo ya chuo ilizoea kutoa singo, lakini kwa kuwa nyimbo zilikuwa nyingi na zimeiva, ikaamuliwa itolewe albamu nzima. Kwa hiyo bendi ndiyo iliyokuwa changa, nyimbo zilikuwa zimekomaa. Bendi nyingi huingia studio kinyume chake, wapigaji wakiwa hodari na nyimbo zikiwa bado zinatafuta ubeti wa pili, na hapo ndipo fedha zinapoteketea.

Kabla ya kulipa hata siku moja ya studio, pima kila wimbo kwa gitaa kavu au kinanda na sauti moja tu, mbele ya mtu asiyeujua. Wimbo usiosimama katika hali hiyo hautasimamishwa na tarumbeta. Kisha tafuteni ufunguo, yaani kiwango cha juu au cha chini cha kuimbia wimbo, unaomfaa mwimbaji, si ule unaomrahisishia mpiga gitaa vidole. Mwimbaji mpole akipandishiwa ufunguo hulazimika kupaza sauti, na upole wake, ambao ndio mali yenu kubwa, unapotea. Andikeni kwenye karatasi moja kwa kila wimbo: ufunguo, mwendo, nani anaanza, nani anaingia wapi, wimbo unaishaje. Rekodini mazoezi kwa simu iliyowekwa katikati ya chumba na msikilize kesho yake, mkitafuta mahali ambapo vyombo viwili vinagombania nafasi moja, kwa mfano mkono wa kushoto wa kinanda na gitaa la besi, au selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, na sauti ya mwimbaji wa kiume. Mmoja wa wapigaji anyamaze au ahame oktava, yaani apige noti zilezile juu zaidi au chini zaidi. Uamuzi huo ukifanyika nyumbani haugharimu chochote; ukifanyika studio, saa inahesabiwa.

Kunyamaza kunastahili mazoezi yake. Sikilizeni wimbo unaofungua Tigermilk, The State I Am In: unaanza na sauti na gitaa peke yake, kwa utulivu kana kwamba mtu anasimulia habari zake kwa rafiki, na wengine wanaingia polepole hadi bendi nzima inapokuwa imesimama bila msikilizaji kutambua ilisimama lini. Mpangilio huo hauhitaji mitambo wala fedha. Unahitaji watu walioridhia kusubiri zamu. Katika mazoezi, kila mpigaji ataje kwa sauti ubeti ambao hapigi kitu. Asiye na ubeti wa namna hiyo katika wimbo wowote anapiga kupita kiasi.

Kwenye studio, chagueni chumba kabla ya kuchagua mitambo. Kinachotakiwa ni chumba ambamo nyote mtatosha mkionana macho, chenye mazulia au mapazia ya kutosha ili sauti isirudi kwa ukali. Rekodini pamoja, kwa mkupuo mmoja, mwimbaji akiwemo. Msomaji aliyekulia na nyimbo za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam anaijua ladha ya bendi iliyopiga pamoja chumbani, ambapo mwendo unapumua na kila mtu anamsikia mwenzake. Fundi mitambo wa siku hizi huenda akapendekeza kila chombo kirekodiwe peke yake juu ya mdundo wa kompyuta. Mkatalieni kwa heshima. Kurekodi chombo kimoja kimoja kunakula muda, na kwa bendi isiyo na uzoefu kunaanika kila udhaifu uliokuwa umefunikwa na wenzake.

Tatizo la kurekodi pamoja ni sauti kuvuja, yaani drams kuingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji na selo kuingia kwenye ya gitaa. Uvujaji hauwezi kukomeshwa, lakini unaweza kupangwa ukawa mzuri. Tumieni maikrofoni zinazosikia zaidi upande wa mbele, na mgongo wa maikrofoni ya mwimbaji uelekezwe kwenye drams. Fuateni kanuni ya moja kwa tatu: maikrofoni ikiwa sentimita 20 kutoka kwa chombo chake, maikrofoni ya jirani isiwe karibu nayo kuliko sentimita 60. Gitaa kavu lisirekodiwe mbele ya tundu, kwa maana hapo kuna mvumo mzito unaofunika maneno. Elekezeni maikrofoni mahali shingo inapokutana na mwili, kwa umbali wa sentimita 20 hadi 30. Mwimbaji akae sentimita 15 hivi kutoka kwenye maikrofoni na asisogeesogee. Mpiga drams atumie brashi au vijiti vyepesi, na aambiwe wazi kwamba kipimo chake ni sauti ya mwimbaji: akishindwa kusikia maneno bila hedifoni, anapiga kwa nguvu mno. Bendi ikipiga kwa upole, nusu ya tatizo la kuvuja inaondoka yenyewe. Viwango vya kurekodia viwekwe chini, vilele vya sauti visipite desibeli 10 chini ya ukomo wa mtambo, kwa sababu mpigaji aliyetulia wakati wa kupima sauti huchangamka taa nyekundu ya kurekodi ikiwaka.

Gawanyeni siku hivi. Asubuhi ya kwanza ni ya kupanga chumba na kupima sauti, na kazi hiyo isichukue zaidi ya muda wa saa tatu. Mchana rekodini nyimbo mbili au tatu mnazoziweza hata usingizini, ili woga uwatoke. Siku ya pili ndiyo ya kazi yenyewe, nyimbo tano, ngumu zikitangulia wakati sauti ya mwimbaji ingali safi na kabla mikono haijachoka. Kila wimbo urekodiwe mara tatu, msikilize, mchague, msonge mbele. Mkifika mara ya sita bila kupata, uacheni wimbo huo mle chakula kwanza. Katika kuchagua, tazameni sauti ya mwimbaji kabla ya kitu kingine. Mkupuo wenye noti moja ya kinanda iliyoteleza na uimbaji wa kweli ni bora kuliko ule ulio sahihi kila mahali lakini mwimbaji anasoma tu maneno. Nafikiri hilo ndilo linaloifanya Tigermilk ipendeze mpaka sasa: unasikia watu wanaozijua nyimbo na ambao ndio kwanza wanaanza kujuana.

Siku ya tatu malizieni nyimbo zilizobaki, kisha ongezeni vile tu ambavyo havikuweza kupigwa pamoja, kama sauti za kuitikia au tarumbeta. Kazi ya kuchanganya sauti ifanyike siku nyingine, masikio yakiwa yamepumzika.

Mpangilio wa nyimbo usiachwe mpaka mwisho. Hata kama hamtachapa santuri, pangeni nyimbo kana kwamba kuna upande wa kwanza na wa pili, kila upande dakika 20 hivi, kila upande ukiwa na mwanzo wake na mwisho wake. Tigermilk ina nyimbo 10 na dakika kama 40, na ndani yake umo Electronic Renaissance, wimbo wa kinanda cha umeme na mdundo wa mashine ambao hauna ndugu katika albamu. Wapo wanaoona ungeondolewa. Mimi naona unafanya kazi muhimu ya kuamsha sikio lililoanza kuzoea magitaa, na nashauri kila bendi iwe na wimbo mmoja wa namna hiyo, mradi usiwekwe mwanzo wala mwisho.

Jalada lisiwape shida. Murdoch alipiga picha ya rafiki yake akiwa na chuimilia wa kuchezea, na picha hiyo yenye rangi moja imedumu. Mtu mmoja mnayemfahamu, mwanga wa dirishani na kamera yoyote vinatosha.

Kuhusu idadi ya nakala, chapeni chache mnazoweza kuzilipia bila mkopo, lakini tunzeni rekodi za asili kwa uangalifu mkubwa kuliko nakala za kuuza. Albamu iliyosahauliwa inaweza kuhitajika baada ya miaka mitatu, kama hii ilivyohitajika, na hapo kampuni itaomba rekodi za asili na ushahidi wa nani anazimiliki. Wekeni mafaili ya kila chombo mahali pawili tofauti. Siku ileile mnayomaliza kurekodi, kabla hamjaachana, andikeni makubaliano yanayotaja nani ametunga kila wimbo, nani amepiga nini, nani amelipia studio na mapato yatagawanywaje, kisha kila mmoja atie sahihi na aondoke na nakala yake.