Kujiundia Kitazamio cha Mbao cha Slaidi za Jozi

Kitazamio ninachokieleza hapa hakihitaji umeme, jambo ambalo kwetu Bukavu si dogo: mwanga wa dirisha unakitosha, na slaidi hubadilishwa kwa kusukuma kipande cha mbao kwa kidole. Slaidi za jozi ni picha mbili za mandhari moja, zilizopigwa kutoka sehemu mbili zilizoachana kidogo. Kazi ya kitazamio ni kulipatia kila jicho picha yake, ili ubongo uziunganishe picha hizo mbili na kuona kina. Charles Wheatstone alilieleza jambo hilo mwaka 1838 akitumia vioo vya kujitazamia. Mwaka 1849 David Brewster alileta kisanduku chenye lenzi, na hiki chetu ni mjukuu wa kile. Ninakusudia slaidi za kawaida za filamu ya milimita 35, ambazo wengi wetu huziita diapo, zikiwa katika fremu za milimita 50 kwa 50.

Anza na lenzi, maana vipimo vingine hutokana nazo. Tafuta vioo viwili vya kukuzia vya aina moja. Vyangu nilivipata katika soko la Kadutu. Shika kimoja mbele ya ukuta ulioelekeana na mlango ulio wazi, ukisogeze mbele na nyuma mpaka nyumba za ng'ambo ya barabara zijichore ukutani zikiwa zimepinduka, kisha upime kutoka ukutani hadi kwenye kioo. Umbali huo ndio fokasi, na ukiwa kati ya milimita 50 na 80 unafaa. Vioo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja au mbili, rudisha kimoja hata kama muuzaji atanuna, kwa kuwa jicho moja litaona picha kubwa kuliko lenzake na kichwa kitauma kabla hujafika slaidi ya tatu.

Hatua ya pili ni sanduku, nalo halina ugumu. Kutoka lenzi hadi kwenye filamu kuwe na umbali sawa na fokasi. Toboa matundu mawili ambayo vituo vyake vimeachana kwa milimita 65, takriban umbali uliopo kati ya mboni za mtu mzima, na usimamishe ubao mwembamba katikati ili jicho lisichungulie picha isiyo yake. Ndani paka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na gundi ya mbao. Nyuma ya slaidi, kwa umbali wa sentimita 2, weka karatasi nyeupe inayopitisha mwanga. Ukiibandika karibu zaidi, nyuzi za karatasi zitaonekana katika picha.

Hatua ya tatu ni kipande kinachosogea. Taxiphote, mashine ya kutazamia ya Jules Richard wa Paris, iliinua mabamba ya kioo yenye picha za jozi kwa wenzo, moja baada ya jingine, kutoka katika trei ya mabamba 25. Sisi tutaridhika na jozi nne. Tengeneza fremu ndefu ya mbao inayopanda na kushuka katika mifereji miwili ndani ya sanduku. Kila jozi ipewe milimita 54 za urefu, yaani 50 za slaidi na 4 za kijiti kinachozitenga jozi. Vituo vya slaidi mbili za jozi viachane kwa milimita 63, hivyo kati yake patabaki nafasi ya milimita 13. Kwenye ukingo wa fremu chonga vipengo vinne, kila milimita 54, na ufunge kwenye sanduku kipande cha ubavu wa mwavuli mbovu kiwe springi. Kila kinapodondokea katika kipengo utasikia "ta", nawe utajua jozi imefika mahali pake.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda wengi. Macho yetu huzoea kukaribiana, kama tunaposoma, lakini hayawezi kwa urahisi moja kutazama juu na jingine chini. Slaidi moja ikipanda kwa milimita moja tu mbele ya lenzi ya milimita 50, macho yanalazimishwa kutofautiana kwa zaidi ya digrii moja, na picha itagawanyika. Kwa hiyo nyoosha uzi mwembamba mlalo juu ya jozi, chagua kitu kimoja cha mbali kinachoonekana katika slaidi zote mbili, kama ncha ya mlima, na usogeze slaidi mpaka uzi uiguse ncha hiyo pande zote mbili.

Kisha hakikisha hukubadilisha kushoto na kulia. Katika picha ya kushoto, kitu cha karibu huonekana kimesogea zaidi kulia kikilinganishwa na mandhari ya nyuma. Niliwahi kuzipachika kinyume picha za mtumbwi nilizopiga Nguba, ukingoni mwa Ziwa Kivu: mtumbwi ulionekana umetoboa tundu katika milima ya Rwanda, ukiwa nyuma yake! Jozi hiyo ilikuwa na kasoro ya pili, kwani niliipiga kwa kamera moja niliyoisogeza milimita 65 kati ya picha na picha. Mawimbi yakabadilika, na maji yakawa yanametameta vibaya. Siku hizi hupiga alfajiri, ziwa likiwa limetulia.

Upande wa filamu usiong'aa uelekee dirishani, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume. Jozi ikikubali, tia tone la gundi kwenye kona moja tu ya kila slaidi, ili siku utakapotaka kuibandua usiivunje.